Darubini ya Marehemu Zahor: Sehemu ya Saba

Tulimwacha Mwalimu Kokushubila juu ya paa la zege, jicho moja kwenye darubini, jingine kalifumba, na mara akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Kuna mtu mle ndani," alisema.

Tunaanzia hapohapo, maana wiki nzima mmenisumbua kwa swali moja tu: mtu gani?

"Mtu gani, Madam?" Bahiya naye aliuliza.

"Mwanaume. Kavaa kanzu. Amesimama anatutazama." Mwalimu alimeza mate. "Kichwa kiko chini, kifua kiko juu."

Bahiya alishika ukuta.

Wewe uliyelikosa gazeti lililopita, usihangaike kuazima kwa jirani. Bahiya ni binti pekee wa Mzee Zahor, muuza misumari na rangi wa Temeke, aliyefariki miezi minne iliyopita. Aliacha mjane, duka, na darubini moja ya lenzi, ndefu, nyeupe, ya kutazamia nyota na kuzipigia picha. Bahiya ameitangaza mtandaoni: mtumba safi, lenzi haina mkwaruzo, inafaa kwa jicho na kwa kamera. Wanunuzi wawili walikuja, wawili wakatimua mbio. Wa tatu ndiye huyu Mwalimu Kokushubila, Mhaya anayefundisha fizikia huko Kawe, mwanamke asiyeogopa jini wala mkaguzi wa shule. Kaja na gari lake na kamera yake mwenyewe ya kujaribia.

Kwa nini inauzwa? Hapo ndipo penye kidonda.

Miaka mitano nyuma, jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, habari ilifika msikitini kwamba Mzee Zahor ameuona mwezi kwa darubini yake. Mtaa ukala Idi. Kesho yake ikabainika kuwa hakuna mwingine yeyote aliyeuona, na wajuzi wakasema mwezi ulikuwa haujaandama. Watu walikula mchana wa Ramadhani kwa kauli ya mtu mmoja. Na huyo mtu hakujitetea. Hakusema niliuona, hakusema sikuuona. Alinyamaza miaka mitano, akazikwa na kimya chake.

Siku ya mazishi likatolewa tangazo lile la kawaida: anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza Mzee Mwinshehe, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya mtoto wa jicho.

"Mie namdai siku moja ya saumu," alisema mbele ya jeneza. "Mke wangu alikula siku ile kwa kauli yake, akafa kabla hajailipa. Sitaki hela. Nataka neno moja tu. Aliuona, au hakuuona?"

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya Magharibi, mzee huyo huja mlangoni kuuliza swali lilelile. Na kila Magharibi, Bahiya husikia nyayo juu ya paa. Akipanda hakuti mtu. Hukuta kifuniko cha darubini, alichokifunga kwa mkono wake, kimefunguliwa. Leo walipopanda na Mwalimu, kifuniko hakikuwepo kabisa.

Na leo ni Alhamisi. Haya, tupande.

"Nipishe nione," Bahiya alisema.

Aliinamisha kichwa. Mle ndani kulikuwa na mwanga wa jioni, tanki jeusi la maji lililosimama kwa kichwa, na kando ya tanki mwanaume aliyening'inia juu chini. Kanzu yake ilikuwa na rangi ya maziwa. Kwenye mkono wa kulia, karibu na kiwiko, palikuwa na doa la kahawia lenye ncha.

Lile doa Bahiya alilijua. Alilipiga mwenyewe kwa pasi, asubuhi ya Ijumaa moja, akisoma meseji huku ananyoosha nguo. Baba yake alicheka, akaivaa kanzu hivyohivyo, na akaivaa mpaka mwisho.

"Baba," alisema.

Machozi yalimtoka hapohapo. Hakuogopa kwa wakati ule. Alitamani tu mtu yule asimame sawa, ainue mkono.

"Tulia mwanangu," Mwalimu Kokushubila alisema. Rangi ilikuwa imemrudi. "Mie ndiye mjinga. Darubini za nyota hupindua vitu. Nyota haina juu wala chini, kwa hiyo watengenezaji hawahangaiki. Nafundisha jambo hili kila mwaka, halafu nimelisahau kwa sababu ya kanzu."

"Kwa hiyo yule siyo..."

"Mzimu? Sijui kama darubini inapindua mizimu. Lakini huyo amepinduliwa sawasawa na tanki lililo pembeni yake. Ni mtu wa nyama. Paa lile la nani?"

Bahiya alifuta macho, akatazama kwa macho matupu. Nyumba ya tatu kutoka kwao. Paa lilikuwa tupu. Tanki, kamba ya nguo, na shuka moja ya maua iliyokuwa ikipungapunga.

"La ami yangu," alisema polepole. "Ami Azan. Mdogo wake Baba."

Ndipo akakumbuka. Baada ya msiba, nguo za marehemu ziligawiwa, kama inavyofanywa. Viatu kwa mwadhini, makoti kwa binamu wa Tabata. Kanzu ile yenye doa la pasi aliikunja yeye, akaiweka yeye kwenye mfuko, akampa Ami Azan kwa mikono miwili. Mtu ukifiwa unasahau hata ulichokitoa mwenyewe.

Woga ulimtoka, hasira ikaingia mahali pake. Ami Azan ndiye aliyekuwa akimsukuma kila siku auze. "Uza, Bahiya. Uza hata kwa bei ya kutupa. Kidude hicho ndicho kilichomuua ndugu yangu." Sasa huyohuyo anasimama na kanzu ya marehemu saa za Magharibi, anachungulia watu?

"Madam, chukua darubini uende," alisema. "Sitaki hata kuiona tena."

"Nitaichukua. Lakini mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Ngoja nikague sanduku lake."

Lilikuwa sanduku refu la bati, ndani limewekwa sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa: mahali pa darubini, pa vipande vya kutazamia, pa mota ile ndogo ya kuifuata nyota inapohama. Mwalimu alipitisha vidole kote, kama mama anayekagua mchele. Kona moja sponji ilikuwa imeinuka kidogo. Akaivuta.

"Hujaniambia mnauza na kamera."

"Kamera gani?"

Chini ya sponji kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa ushungi wa zambarau. Mwalimu aliufungua. Kamera nyeusi, ya zamani kidogo, imeshikizwa kwenye pete ya kuiunganisha na darubini.

Bahiya hakuishangaa kamera. Alikuwa ameushika ule ushungi. Ulikuwa wa mama yake.

Mama yake, Bi Khulud, alikuwa chini, chumbani, nyuma ya pazia, amekaa eda. Zilibaki siku tisa atoke. Miezi yote hiyo hakuonana na mwanaume asiye maharimu wake, hakutoka hata barazani, na habari za darubini zikitajwa aligeuza uso ukutani. "Uzeni," ndilo neno lake pekee. Sasa ushungi wake umefikaje huku?

"Betri imekufa," Mwalimu alisema. "Lakini kadi imo. Nitaitia kwenye kamera yangu. Unaniruhusu?"

Bahiya aliitikia kwa kichwa. Hukumu ya baba yake ilikuwa imelala kwenye kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Kioo kiliwaka. Picha za mwezi mpevu. Picha za vumbi la nyota. Picha moja ya Bahiya mwenyewe amelala kwenye mkeka paani, mdomo wazi, ambayo hakuwahi kujua ilipigwa. Mwalimu akabonyeza, akabonyeza, mpaka mwisho.

"Ishirini na mbili Mei," alisoma. "Saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba jioni. Miaka mitano iliyopita."

"Ndiyo siku yenyewe!"

Kwenye kioo, katikati ya anga lenye rangi ya chungwa, ilikaa hilali. Nyembamba, safi, ncha zake mbili kali, haina ubishi.

Bahiya alipiga kelele. Alimkumbatia Mwalimu, akamwachia, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Aliuona! Baba aliuona! Wallahi aliuona! Miaka mitano wanamwita mwongo, na picha iko hapa!"

Alikwishageuka kukimbilia ngazi. Angeteremka kumwambia mama yake, kisha angekaa mlangoni amsubiri Mzee Mwinshehe, na leo swali lile lingepata jibu.

"Bahiya." Mwalimu hakucheka wala kusogea. "Rudi kwanza."

"Nini tena?"

"Pole, mwanangu. Huu siyo mwezi."

Jamani, kuna maneno mtu hapaswi kuambiwa akiwa na furaha namna ile.

"Tazama ule wa mwanzo," Mwalimu alisema, akarudisha picha ya mwezi mpevu. "Kwa darubini hii na kamera hii, mwezi unajaza kioo karibu chote. Umeona? Sasa hiki. Kidogo kama kipande cha ukucha. Hii ni Zuhura. Ile nyota kubwa ya jioni. Kwa macho ni nuru tu, lakini ukiivuta kwa darubini kuna nyakati inakonda kama mwezi mchanga, na ncha zake mbili. Asiyeijua atakula kiapo."

Bahiya alikaa chini kwenye zege. Aliona aibu kwa furaha yake ya dakika moja iliyopita. Basi ndiyo hivyo. Baba yake alikosea, akaona haya kusema, akafa na haya yake. Mzee Mwinshehe angekuja, na jibu lingekuwa lile ambalo mtaa mzima ulikwishajipa.

"Lakini kuna jambo halinikai sawa," Mwalimu aliendelea. "Mtu mwenye mota hii, mwenye picha hizi, hawezi kukosea Zuhura. Ni kama wewe umkosee mama yako sokoni. Na baada ya picha kuna kitu kingine. Kuna video."

"Cheza," Bahiya alisema bila kuinua uso.

Hilali ileile ilionekana, safari hii ikitikisika. Halafu sauti ikatoka kwenye kamera, ndogo, ya mbali, ya mtu aliyezikwa.

"Usiishike hivyo, unaitikisa."

Bahiya alisikia nywele zinamsimama. Miezi minne hakuisikia sauti ile.

"Kaka! Huo hapo! Huo hapo, wallahi!" Sauti ya pili, ya mtu anayehema. Ami Azan.

"Siyo wenyewe. Nimekwambia hiyo Zuhura, naitumia kurekebishia lenzi tu. Mwezi leo haupo."

"Hilali ni hilali, kaka! Ncha hizo hapo! Watu wanangojea kule msikitini, we unaniletea habari za Zuhura!"

"Azan."

Vishindo vya miguu. Mlango wa bati wa ngazi ukagonga ukuta.

"Azan! Rudi! Nakwambia rudi! Azan!"

"Labeka, kaka."

Lile jibu halikutoka kwenye kamera.

Lilitoka ngazini. Mwalimu Kokushubila, yule asiyeogopa jini wala mkaguzi, alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Ami Azan alikuwa amesimama kwenye mlango wa bati, kavaa kanzu yenye doa la pasi, uso umemkauka, macho yanatafuta pembe zote za paa.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Kaniita. Nimemsikia kwa masikio yangu. Yuko wapi kaka?"

Aliiona kamera. Akaelewa, akakaa chini palepale kizingitini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kifo cha mwenziwe.

"Ni wewe," Bahiya alisema. "Siyo Baba. Ni wewe ndiye uliyekwenda msikitini."

"Ni mie."

"Ukasema Baba kauona."

"Ningesema nimeuona mie, nani angenisikiliza? Nilikuwa nina miezi saba tu tangu niache pombe. Saba, Bahiya. Mtoto mdogo alikuwa akinicheka njiani. Lakini jina la Zahor lilikuwa halipingwi." Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, palepale penye doa. "Na mie niliamini. Naapa niliamini. Niliona ncha mbili. Nilidhani kaka anajitia ujuzi tu."

"Na kesho yake, ulipojua?"

"Nilikuja hapahapa nikamlilia. Akaniambia nenda kaswali. Basi. Miaka mitano hakunitajia tena."

"Ukamwacha abebe yeye! Watu wakaacha hata kununua msumari kwake! Nimeona mtu anavuka barabara ili asimpe salamu, Ami! Baba yangu!" Bahiya alikuwa akilia kwa sauti, wala hakujali nani wa jirani anasikia.

"Nina watoto arobaini madrasa," Azan alisema. "Wananiita ustadhi. Nikisema, nitabaki na nini?"

Mwalimu alikohoa. "Na nyayo za hapa juu kila Magharibi? Ni zako?"

"Nimepanda mara nne. Kwa ngazi ya nje. Siku ile niliona taa nyekundu ya kamera inawaka, nikajua inarekodi. Tangu kaka afe naitafuta."

"Na kifuniko unakifungua cha nini?"

Azan aliinua kichwa. Hapo Bahiya aliona kitu ambacho hakukitegemea: ami yake alikuwa na hofu kuliko wote.

"Kifuniko sijakigusa. Mara nne nimepanda, mara nne nimekikuta kimekwishafunguliwa, darubini imeelekezwa pale pale, magharibi, pale tuliposimama siku ile. Leo sikuthubutu kuja. Nikasimama kule kwangu nitazame ni nani anayekifungua. Nikawaona nyie, nikajificha nyuma ya tanki. Halafu..." Alitazama kamera. "Halafu nikaona mwaitoa hiyo. Nikaja mbio. Nikaitwa."

Adhana ya Magharibi ilianza. Ilipokwisha, Ami Azan akaenda kwa magoti hadi miguuni pa Mwalimu, mtu mzima na ndevu zake.

"Dada yangu, nunua. Tafadhali nunua. Beba darubini, beba na hiyo kadi, nenda nayo Kawe, futa, uwapigie picha nyota zako. Kaka amekwishakufa, hakuna kitu kinachomuuma tena. Mie niko hai."

"Darubini nitainunua," Mwalimu Kokushubila alisema. "Hii kadi siyo bidhaa. Ina maneno ya mtu." Akaitoa kamera shingoni, akaiweka mikononi mwa Bahiya. "Video haijaisha. Zimebaki sekunde hamsini. Kitufe ni hicho cha katikati."

"Bahiya," Azan alisema. "Usibonyeze."

Akabonyeza.

Kwenye kioo hilali ya uongo iliendelea kuteremka polepole. Pumzi za mtu mmoja. Kisha sauti ya tatu, ya mwanamke, karibu kabisa na kamera.

"Mwache aende."

"Khulud, watu watakula mchana wa Ramadhani."

"Ukimkimbilia ukamkana mbele ya msikiti mzima, kesho atarudi kwenye chupa. Safari hii hatatoka. Ni ndugu yako huyo. Tutalisawazisha baadaye."

"Baadaye lini? Mie nitasema nini?"

"Utanyamaza."

Mahali fulani chini mtoto alikuwa akicheka, labda Bahiya mwenyewe alipokuwa angali msichana wa shule.

"Na nikifa?" Mzee Zahor aliuliza. "Mtu akifa hutangaziwa madeni yake mbele ya watu, Khulud. Watakuja kunidai. Nani atawajibu?"

"Nitawajibu mimi."

"Utawajibu?"

"Mimi, Zahor. Nitawajibu."

Kioo kikawa cheusi.

Bahiya aliukumbuka ushungi wa zambarau: mama yake ndiye aliyeificha kamera. Aliikumbuka siku ya mazishi, tangazo lilipotolewa, Mzee Mwinshehe aliposema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, na wanawake wote wakageuka kumtazama mjane. Bi Khulud alikuwa ameshika tasbihi. Hakufungua kinywa.

"Mama," alisema, ingawa hakuwa amegeuka bado. Alijua tu.

Bi Khulud alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ndani, katika nguo zake nyeupe za eda, amekonda, na Bahiya alidhani hajaonwa na anga kwa miezi minne. Mkononi alishika kifuniko cha darubini.

"Ananiita," alisema. Hakumwambia mtu maalumu. "Kila Magharibi, nikiwa nimelala, nasikia pale juu: Khulud, watakuja. Nikiwa macho nasikia. Napanda. Nafungua, nataka kutazama kama kile kitu kingali pale. Naogopa. Nashuka." Alikitazama kifuniko. "Leo nilipanda mapema, nikasahau kukiacha. Nimeshuka nacho hadi kitandani."

"Kwa nini hukusema, Mama? Siku ile ya mazishi, kwa nini hukusema?"

"Nilimtazama huyu." Alimwonyesha Azan kwa kidevu. "Alikuwa ameshika mguu wa jeneza, analia. Nikasema nimpe siku moja zaidi, ajisemee mwenyewe. Siku moja ikawa nyingine. Na wewe mwanangu, ukiificha aibu ya mtu kwa muda mrefu inageuka yako."

Chini, mlango wa mbele uligongwa. Mara tatu, taratibu, kama kila Alhamisi.

"Hodi wenyewe!"

"Ni yeye," Bahiya alisema.

"Shemeji," Azan alisema, "mmebakiza siku tisa mtoke eda. Msifanye haraka. Mwacheni leo aende. Wiki ijayo, naapa, wiki ijayo mie..."

"Umeapa sana wewe," Bi Khulud alisema. "Sikiliza. Nitakaa nyuma ya pazia la ukumbini. Wewe utatangulia mlangoni. Akiuliza, utamjibu kwa ulimi wako. Ukinyamaza, nitajibu mimi, eda au si eda. Lakini nakupa utangulie, kwa sababu Zahor angekupa." Akamgeukia mgeni. "Mwalimu, utuwie radhi. Umekuja kununua kitu, umekuta msiba."

"Nitasubiri hapa juu," Kokushubila alisema kwa upole. Alikichukua kifuniko mkononi mwa mjane, akakivika darubini, akakibana kwa kiganja.

Waliteremka watatu. Bahiya alitangulia na kamera, nyuma yake Ami Azan akishika ukuta kila hatua, wa mwisho Bi Khulud aliyepotelea nyuma ya pazia la ukumbini. Umeme ulikuwa hafifu, taa moja tu ya kibarazani ilikuwa ikiwaka.

Bahiya alifungua mlango.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Mwinshehe alisimama na bakora yake, macho yake meupe kama yaliyopakwa maziwa. "Unajua nilichokuja kuuliza."

"Najua, Mzee. Leo jibu lipo."

Alisogea pembeni. Ami Azan akasimama mbele ya mzee, midomo inacheza, sauti haitoki.

Mzee Mwinshehe alinyoosha mkono kutafuta mtu. Vidole vyake viligusa ukosi wa kanzu, vikateremka kwenye taraza, ile nakshi ya kifuani, vikasimama, vikarudi juu, vikaupapasa mshono mmoja mmoja. Miaka arobaini alishona nguo za watu wa Temeke. Kazi ya mkono wake aliijua bila macho, na kanzu ile alimshonea mtu mmoja.

Bakora ilimponyoka.

"Zahor?" alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto. "Zahor, umekuja kunijibu mwenyewe?"

Bahiya alimtazama ami yake. Azan alitazama yale macho yasiyoona. Miaka mitano nyuma alilichukua jina la kaka yake akasema nalo uongo. Leo jina lilelile linaletwa mlangoni, anavikwa bila kuomba, na mbele yake mzee ambaye angekubali neno lolote analoambiwa.

"Niambie tu, Zahor," mzee alisema. "Nimwambie na mwenzangu kule aliko. Uliuona, au hukuuona?"

Nyuma ya pazia Bi Khulud alikohoa, mara moja.

Ami Azan akafungua kinywa.